Darasa la Watoto Wetu na Kapu la Mama



Masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema hivyo, na tangu Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Tulifurahi, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tukitoka sokoni Virunga au Kituku na faida ya siku nzima ili kulipa minervali. Lakini pesa hizo ndizo pia zilizokuwa zikinunua chaki na kadibodi. Minervali iliondoka, watoto wakajaa darasani, na mwalimu akabaki na mikono mitupu. Kisha yakaja mapigano ya Januari 2025 hapa Goma, benki zikafunga milango, na mshahara wenyewe ukawa shida.

Matokeo yake tunayasikia tukipita nje ya madirisha: mwalimu anasema, darasa zima linaitikia. "Tano na tatu ni nane!" Mtoto anaimba hivyo mwaka mzima bila kushika hata mara moja vitu vinane mkononi. Akifika darasa la sita, mtihani wa mwisho haumwulizi wimbo.

Tulipowauliza walimu wa mitaa yetu wanahitaji nini, hawakutaja kompyuta. Walitaja vitu vya kuhesabu, vya kupima, na vya kuandikia. Vingi tunavitupa wenyewe.

Vifuniko vya soda na bia. Vioshwe, kingo zipondwe kwa jiwe zisikate. Kumi vikitungwa kwenye waya ni kumi moja; nyaya kumi ni mia. Mtoto anaona kwa macho kwa nini 34 si sawa na 43.

Chupa ya litri moja. Maji ya litri moja yana uzito wa kilo moja. Ukiwa na fimbo, kamba na vikopo viwili vilivyolingana, una mizani. Na mama muuza maharagi akiingia darasani kwa nusu saa, nani atafundisha vipimo kumshinda?

Maboksi na karatasi za sabuni na chumvi. Upande mweupe unaandikwa herufi. Upande wenye maandishi unasomwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu. Mtoto wa darasa la kwanza na aanze na neno analolijua: sambaza, makala, bidoni.

Makala. Yakisagwa laini na kuchanganywa na uji mzito wa muhogo, yanapakwa mara mbili au tatu juu ya ubao mwepesi. Yakikauka, watoto watano wana ubao wao wa kuandikia.

Kuna hata somo lisilohitaji kitu chochote. Nyiragongo una kimo cha mita 3,470. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Darasa la tano litoke uani, litazame mlima, lihesabu tofauti. Kutoka mlima huo lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliteremka kupita katikati ya mji hadi ziwani. Hapo hesabu, jiografia na historia ya familia zetu vinakutana.

Asiwepo wa kusema haya ni masomo ya maskini. Mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, UNESCO ilitoa kitabu cha kuwasaidia walimu wa sayansi katika nchi zilizobomolewa kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Kilikuwa na manufaa hata kikakuzwa kuwa kitabu kikubwa zaidi mwaka 1956.

Tunaomba mambo mawili yaangaliwe sana. Kwanza, *mtoto asitumwe kuokota vyuma*. Baada ya mapigano, bomu ambalo halijalipuka laweza kuonekana kama kopo tu. Vitu vikusanywe na watu wazima, kutoka jikoni, dukani na ngandani. Akiona chuma asichokijua, asiguse. Arudi alikotokea na kumwambia mtu mzima. Pili, mtoto asiyeleta kitu asirudishwe nyumbani. Tukiruhusu hilo, tumerudisha minervali kwa jina lingine.

Kapu letu haliondoi deni la serikali. Chaki, vitabu na mshahara wa mwalimu vinabaki wajibu wake, na tutaendelea kudai. Lakini mtoto aliye darasa la pili leo hatakuwa darasa la pili tena tukingoja.

Basi kila mtaa uchague mama wawili, waende kwa mwalimu kwanza wamwulize anafundisha nini wiki ijayo, ndipo wakusanye. Vifuniko mia mbili bila somo ni takataka tu. Vifuniko ishirini kwa saa inayofaa ni hesabu ambayo mtoto hataisahau.