Shanga za bibi: zitambue kabla hazijatoka nyumbani

Mzazi wa Nangwa au Katesh akifungua sanduku la bibi, anaweza kukuta sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga. Watoto watataka kuichezea, na mnunuzi wa vitu vya kale akipita atataja bei. Kabla ya kukubali, zitazame shanga zenyewe.

Kwa Wairaqw, msichana alishona sketi yake mwenyewe alipokuwa amewekwa ndani wakati wa marmo, mafunzo ya kumwingiza utu uzima. Wanawake wa Kibarbaig nao wana sketi zao za ngozi. Shanga nyingi za kioo zilitoka Ulaya, zikaletwa bara na misafara kutoka pwani na baadaye na wenye maduka. Alama zifuatazo zinasaidia kuzitambua.

Mstari kiunoni: Shanga ikiwa na mstari mwembamba unaoizunguka, kioo chake kilishindiliwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Mji wa Jablonec, katika Jamhuri ya Czech ya leo, ulijulikana kwa kazi hiyo. Zilizosuguliwa sana huenda mstari ukawa umefutika.

Ndogo zisizo na mstari: Hizi kwa kawaida zilikatwa kutoka kwenye mrija mrefu wa kioo uliovutwa ukiwa wa moto, kama walivyofanya mafundi wa Venice.

Nyekundu nje, nyeupe ndani: Chungulia tundu lake. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, alizitaja shanga za aina hii. Wafanyabiashara waliziita samsam.

Nyepesi na si baridi: Ziguse shavuni. Kioo huwa baridi na kizito. Plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi.

Mtoto mdogo asipewe. Shanga humkaba koo, na baadhi ya vioo vya rangi vya zamani vilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Asiziweke mdomoni.

Uzi wa zamani usikatwe ili kutengeneza bangili. Rangi zilipangwa kwa makusudi, na zikishamwagika kwenye bakuli mpangilio huo haurudi. Vumbi litolewe kwa brashi laini iliyo kavu, kwa kuwa maji huharibu ngozi.

Kisha piga picha mbele na nyuma. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang ya 3 Desemba 2023 yalifukia nyumba pamoja na kila kilichokuwamo. Picha iliyotumwa kwa ndugu wa mjini hubaki.

Mwisho, mwekeni bibi akae na wajukuu, simu ikirekodi. Aulizwe nani alishona, alijifunza kwa nani, na kila umbo lina maana gani. Alama za kioo huonyesha kiwandani kulifanyika nini. Hayo mengine anayajua bibi peke yake.