Jasusi wa Kike Hana Muda wa Manukato

Jasusi wa kike wa kwanza niliyekutana naye alikuwa ndani ya kitabu kisicho na jalada. Kitabu kilikuwa kimepita mikononi mwa bweni zima hadi kurasa za mwanzo zikanyofoka, nasi tukawa tunaanzia ukurasa wa tisa kana kwamba mwandishi ndivyo alivyokusudia. Kilikuwa cha Elvis Musiba, na mpelelezi wake, Willy Gamba, alikuwa kazini. Mwanamke akaingia hotelini, manukato yamemtangulia, macho ya wanaume yanamfuata. Sisi wa bwenini tulishajua: huyu ama ni mtego, ama atakuwa maiti kabla kengele ya kulala haijalia.

Simlaumu Musiba. Naye alimrithi tu yule mwanamke, na ukiufuata ukoo wa mwanamke huyo kurudi nyuma utafika kwa Mata Hari.

Watu humjua kwa kucheza akiwa nusu uchi. Wachache wanajua kwamba alianza kama mke wa askari. Margaretha Zelle, binti wa Kiholanzi, aliolewa mwaka 1895 akiwa na miaka 18. Mchumba alipatikana kwa tangazo la gazeti: Rudolf MacLeod, afisa wa jeshi la kikoloni, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 20. Wakaenda Java. Huko mume akawa mlevi na mkono wake mwepesi, na mwaka 1899 mtoto wao wa kiume akafariki, hajatimiza hata miaka mitatu. Ndoa ilipovunjika, Margaretha akaenda Paris, akajipa jina la Kimalay, Mata Hari, akaigeuza Java iliyomtesa kuwa ngoma ya jukwaani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja akajikuta kati ya majasusi wa Ujerumani na wa Ufaransa, kila upande ukiahidi pesa. Wafaransa walimpiga risasi Oktoba 15, 1917, wakidai kwamba kwa sababu yake walikufa wanajeshi 50,000. Ushahidi ulikuwa hafifu, lakini mwaka ule vikosi vya Ufaransa vilikuwa vimegoma kwenda kufa bure, na wakubwa walihitaji mtu wa kumtwisha lawama.

Mwaka 1931 Hollywood ikamkabidhi Greta Garbo, akavaa vito na kulaghai maafisa. Mwaka 2016 Paulo Coelho alimpa angalau nafasi ya kujieleza mwenyewe, kwa barua ya kutoka gerezani. Mimi bado naisubiri riwaya itakayotulia Java, kwenye nyumba ya afisa, mke akisikiliza viatu vya mumewe barazani na kupima kwa mlio wake amekunywa kiasi gani. Hapo ndipo mtu anapojifunza upelelezi.

Sasa mweke kando yake Noor Inayat Khan. Baba yake alikuwa Mhindi, mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi, mama Mmarekani, yeye alizaliwa Moscow mwaka 1914 na kukulia karibu na Paris. Alipiga kinubi na kuandika hadithi za watoto. Ufaransa ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani katika Vita vya Pili, alikimbilia Uingereza, akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, akafundishwa redio ya upepo. Idara ya siri iliyoitwa SOE ikamchukua. Kitengo chake cha Ufaransa kilipeleka wanawake 39 katika nchi ile iliyokuwa chini ya Wajerumani, na 13 hawakurudi. Mkufunzi mmoja aliandika kwamba binti huyu hakujaliwa akili nyingi. Juni 1943 wakamshusha usiku kwa ndege ndogo shambani, na jina la kazi: Madeleine.

Hakulaghai mtu. Alibeba sanduku. Ndani yake mlikuwa na redio nzito, pamoja na waya mrefu wa antena ambao lazima utundikwe nje kila anapotaka kuzungumza na London. Magari ya Wajerumani yalizunguka mitaani yakinusa mawimbi, kwa hiyo ukigonga Morse kwa dakika nyingi mahali pamoja umejiita kaburini. Inasimuliwa kwamba siku moja alihangaika na ule waya mtini hadi afisa wa Kijerumani akaja kumsaidia kuutundika. Siku nyingine, kwenye treni, askari wakauliza kuna nini sandukuni. Akawaambia ni vifaa vya sinema, wakaridhika. Na inasimuliwa pia kwamba alikaribia kujichongea kwa kikombe cha chai: alitia maziwa kwanza, kama Waingereza, mbele ya Wafaransa waliojua kuona.

Mtandao wa majasusi aliotumwa kuuhudumia ulivunjwa ndani ya siku chache tangu afike, wenzake wakakamatwa mmoja mmoja. London ikamwambia arudi. Akakataa, kwa sababu angeondoka, Paris ingebaki bila mtu wa redio. Alikosea jambo moja kubwa: alitunza daftarini nakala za ujumbe wote aliotuma. Oktoba, mtu alipomuuza na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wakamkamata, daftari lile likaangukia mikononi mwao, nao wakaitumia redio yake kuidanganya London.

Waandishi wa riwaya wameizunguka habari ya wanawake kama hawa kwa muda mrefu, na si wote wanaothubutu kuigusa. Sebastian Faulks, katika Charlotte Gray ya 1998, anamtuma msichana wa Kiskochi huko huko Ufaransa, lakini anampa na mpenzi rubani wa kumtafuta. Riwaya ni nzuri. Ila nashuku mwandishi aliogopa kwamba bila mwanaume hatutaamini kwa nini mwanamke aende vitani. Kate Atkinson hakuogopa. Katika Transcription ya 2018, Juliet wa miaka 18 anaketi mwaka 1940 na mashine ya taipu, akipiga chapa mazungumzo ya wafuasi wa Hitler yanayonaswa nyumba ya jirani. Mengi ni umbea na biskuti, na nusu ya maneno hayasikiki. Kadiri unavyosoma unagundua kuwa anayepiga taipu ndiye anayejua kila kitu, na hakuna anayekumbuka kuwa yupo chumbani.

Stella Rimington aliyajua hayo kwa mwili wake. Aliingia MI5, idara ya usalama ya Uingereza, kwa mlango wa karani huko Delhi, akiwa mke wa mwanadiplomasia. Mwaka 1992 akawa mkuu wa kwanza mwanamke wa idara hiyo. Alipostaafu akaandika riwaya za jasusi Liz Carlyle, anayeshinda na mafaili kuliko bastola.

Noor alifungwa Pforzheim, Ujerumani, miezi kumi peke yake, mikono na miguu minyororoni. Hakuwataja wenzake. Septemba 1944 alipelekwa kambi ya Dachau na kupigwa risasi pamoja na wanawake wengine watatu. Wafungwa wa Pforzheim walikuwa wakipokea vyombo vya chakula vilivyozunguka seli kwa seli. Mmoja wao, Mfaransa, alikigeuza chake akakuta maandishi yamekwaruzwa kitakoni: jina alilolitumia Noor, Nora Baker, na anwani ya nyumbani.