Mtoto Aliyekosa Siku Yake ya Chanjo

Yako mambo mengi yawezayo kumzuia mama asimfikishe mtoto kliniki siku iliyoandikwa: mto uliofurika, msiba wa jamaa, au mtoto mwenyewe kuamka na mafua. Siku ikipita, wako wanaodhani kwamba kazi yote imeharibika na mtoto ataanzishwa upya. Na kwa kuona haya, hawarudi tena. Fikira hiyo si sahihi.

Katika Kenya mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya kuzuia polio anapozaliwa. Kisha, akiwa na majuma 6, 10 na 14, huchomwa sindano yenye kinga ya maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya namna ya B, na vijidudu vya Hib viletavyo kichomi na homa ya uti wa mgongo. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18.

Mathalani mtoto alichomwa sindano ile ya maradhi matano katika juma la 6, kisha asionekane tena mpaka miezi 7. Muuguzi hatarudi nyuma. Atampa ya pili siku ile ile, na ya tatu baada ya majuma 4. Mwili uliokwisha kufundishwa kuutambua ugonjwa hausahau upesi. Ni kama mwanafunzi aliyejua herufi kabla ya likizo ndefu, ambaye hana haja ya kurudishwa kwenye a, e, i. Lakini majuma yale 4 hayapunguzwi, hata mzazi akiwa na haraka namna gani, maana sindano ikifuata upesi mno mwili hauitikii vema.

Isidhaniwe kwamba kuchelewa hakuna hasara. Miezi ile yote mtoto alikuwa na kinga pungufu, na kifaduro huwaua hasa watoto wachanga. Tena chanjo ya kuhara kwa virusi vya rota ina mwisho wake: mtoto aliyepita miaka 2 hashauriwi kupewa.

Mafua madogo si sababu ya kumbakiza mtoto nyumbani, na chanjo kadhaa zaweza kutolewa siku moja bila madhara. Mama na achukue kijitabu cha afya ya mtoto. Kama kimepotea, au kimeliwa na mchwa, aende hivyo hivyo na kueleza. Muuguzi atatazama katika daftari la kliniki, na asipoona jina humo atamchanja mtoto kama asiyechanjwa.