UBONGO WA MTOTO ASIYETULIA

Wengi wetu tunamjua mtoto wa namna hii: unamwita jina, hageuki; siku nzima anapanga vijiwe; ukivigusa, analia sana. Watu wa mtaa wanasema upesi: ni ndoki! Lakini tangu 1943, daktari Leo Kanner alipoandika juu yao kule Marekani, hali hiyo inaitwa otizimu. Ni ubongo unaokua kwa njia yake.

Je, sehemu za ubongo huo zinaungana namna gani? Kuna mashini kubwa ya sumaku inayopiga picha ndani ya kichwa bila kukipasua. Haioni mawazo, inafuata tu damu yenye oksijeni. Damu ya sehemu mbili ikipanda na kushuka pamoja, watafiti wanasema sehemu hizo zinasikilizana.

Tuwaze mitumbwi mtoni, kati yetu na Lubunga. Wimbi likipita, mitumbwi iliyo karibu inapanda na kushuka pamoja. Ile ya mbali hapana. Wapiga kasia hawakupatana kitu, ni wimbi tu. Mtoto akitikisa kichwa ndani ya mashini, hata chini ya milimita moja, wimbi ndilo hilo. Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake walionyesha kwamba kutikisika kunafanya sehemu za karibu zionekane zimeungana sana, na za mbali kidogo. Na watafiti wengi walikuwa wanasema hivyohivyo juu ya otizimu! Basi, waliona ubongo ao kutikisika?

Taabu ya pili: mashini ina kelele na nafasi ndogo. Mtoto asiyesema, asiyetulia, mara nyingi anaachwa inje.

Ya tatu: mwaka 2012 zilikusanywa picha za watu 1,112, kati yao 539 wenye otizimu, toka pahali 17 pa Marekani na Ulaya, hata Leuven kule Ubelgiji. Afrika, hata pamoja.

Ndiyo maana mpaka leo otizimu haijulikani kwa picha. Inajulikana kwa kumwangalia mtoto kwa uvumilivu na kuwauliza wazazi wake.

Tena tukumbuke: Sheria 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa anayemshitaki mtoto uchawi. Kama mashini ya bei kubwa inadanganyika na mtoto asiyetulia, sisi wenye macho mawili tu tutamhukumu namna gani kwa siku moja?