Chachandu ya Nyumbani: Kutoka Ndoo ya Nyanya hadi Mezani

Familia nyingi za mijini zisizo na shamba hupanda nyanya na pilipili katika ndoo, viroba na madumu yaliyokatwa. Mavuno yanapozidi mahitaji ya siku, wengi huyapika chachandu na kuitia kwenye chupa. Aliyepanda mwenyewe anajua mboga yake imepulizwa nini, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, mboga safi pekee haiifanyi chupa kuwa salama. Katika makala haya tunaeleza hatua zinazomlinda mlaji, tangu kupanda hadi kuhifadhi.

Chombo na udongo

Tumia chombo kilichobeba chakula au maji. Ndoo au dumu lililowahi kubeba kiuatilifu, rangi au oili chafu lisitumike hata likioshwa. Mche mmoja wa nyanya huhitaji chombo cha lita 20 hivi, chenye matundu chini ya kutolea maji, na jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi yaweza kubeba vimelea vya magonjwa ya tumbo. Ukilazimika kupuliza kiuatilifu, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kisha uziheshimu. Kuosha nyanya si mbadala wa siku hizo.

Kupika

Chagua nyanya zilizoiva lakini ngumu. Zilizopasuka au kuoza zitupwe. Nawa mikono, kisha osha mboga kwa maji safi yanayotiririka. Kwa kilo 1 ya nyanya, tumia kitunguu 1, punje 2 za kitunguu saumu, pilipili mbuzi 2, chumvi kiasi, na vijiko vikubwa 2 vya siki au maji ya limau. Katakata au saga, kisha chemsha kwa moto wa wastani hadi rojo iwe nzito.

Kwa nini chupa yaweza kudhuru

Udongoni huishi bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Zikibaki mahali pasipo hewa, penye joto na pasipo uchachu wa kutosha, huchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumua. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuonekana, kunukia na kuonja kama kawaida.

Uchachu hupimwa kwa pH: namba ikishuka, uchachu huongezeka. Bakteria huyu hushindwa kumea katika pH ya chini ya 4.6. Nyanya nyingi ziko karibu na mpaka huo na baadhi huuvuka, ilhali kitunguu, saumu na pilipili hupunguza uchachu wa mchanganyiko. Ndiyo maana tunasisitiza siki au limau. Aidha, kuimwagia chachandu mafuta juu hakuilindi. Mafuta huzuia hewa, na hali hiyo ndiyo inayompendeza bakteria huyu.

Kuhifadhi

Pika kiasi kidogo. Chachandu isikae mezani zaidi ya saa 2. Itie katika chombo safi chenye mfuniko, iweke kwenye jokofu lenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini, na uimalize ndani ya siku 3 hadi 4. Inayozidi igandishwe. Asiye na jokofu apike ya mlo mmoja tu. Kiasi cha siki tulichotaja hakitoshi kuiruhusu chupa ikae kabatini kwa wiki kadhaa. Kazi hiyo huhitaji kipimo cha pH na mapishi yaliyothibitishwa.

Dalili za kuzingatia

Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza au kuishiwa nguvu mwilini baada ya kula chakula kilichohifadhiwa, apelekwe hospitali mara moja, na chakula hicho kisiliwe na mwingine. Chupa yenye shaka isionjwe, itupwe.