Piga Hesabu ya Dawa ya Moyo Mapema

Malaria hutibiwa kwa siku chache, kisha dawa huisha. Ugonjwa wa moyo na shinikizo la damu si hivyo. Wagonjwa wengi humeza dawa kila siku, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo dawa hii ni kama chumvi na sabuni. Lazima iwemo katika hesabu ya nyumba.

Hatari ya kukatiza dawa

Hapa zahanatini nilimpokea mzee mmoja. Alikuwa akimeza kidonge leo, kesho anaacha, ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Alikuja miguu imevimba na pumzi zinambana. Mzee huyu hakuwa mkaidi. Fedha zilimwishia, kwa kuwa hakuna aliyemweleza mapema gharama ya mwezi mzima.

Dawa ikikatizwa, shinikizo hupanda tena. Mtu anaweza kupata kiharusi. Dawa nyingine, kama atenololi na propranololi, ni hatari hasa zikiachwa ghafla.

Jinsi ya kupiga hesabu

1. Soma bahasha ya dawa. 1 x 2 maana yake ni kidonge 1, mara 2 kwa siku. Hivyo ni vidonge 2 kwa siku.
2. Zidisha kwa siku 30. Yaani 2 x 30 = vidonge 60.
3. Zidisha kwa bei ya kidonge kimoja. Ukitajiwa bei ya karatasi nzima, igawe kwa idadi ya vidonge vilivyomo.
4. Fanya hivyo kwa kila dawa, kisha jumlisha.
5. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi.

Tazama mfano huu. Bei hizi ni za mfano tu.

Dawa ya kwanza, 1 x 1: vidonge 30 kwa sh. 100 = sh. 3,000
Dawa ya pili, 1 x 2: vidonge 60 kwa sh. 150 = sh. 9,000
Nauli = sh. 4,000
Jumla ya mwezi = sh. 16,000

Kwa mwaka ni 16,000 x 12 = sh. 192,000. Mkulima anayepata fedha wakati wa mavuno aziweke kando siku ile ile anapouza mazao.

Jinsi ya kupunguza gharama

Uliza jina la dawa yenyewe. Amlodipini ni jina la dawa. Norvasc ni jina la biashara la dawa hiyo hiyo. Makampuni mengi hutengeneza amlodipini, na bei hutofautiana. Muulize mganga au mfamasia kama ipo ya bei nafuu.

Mganga akikubali, nunua ya miezi miwili pamoja. Nauli utalipa mara moja. Angalia kwanza tarehe ya mwisho wa kutumika.

Hesabu vidonge vilivyo katika pakiti. Kwa anayemeza kimoja kwa siku, pakiti ya vidonge 28 ni ya wiki 4 tu. Kwa mwaka atahitaji pakiti 13, wala si 12.

Fedha zikipungua

Usipunguze vidonge mwenyewe. Usiazime vya jirani. Njoo useme kabla dawa haijaisha. Mganga anaweza kukutafutia dawa nyingine ya bei ndogo. Kusema huna fedha si aibu.

Zoezi

Mgonjwa anameza dawa moja, 1 x 2. Kidonge ni sh. 80. Nauli ni sh. 2,000. Atahitaji fedha kiasi gani kwa siku 30?

Jibu: sh. 6,800.