Kitanda cha Mwajiri (4): Bweni Likikutwa Limejaa

Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga linapita Singida, na reli ya SGR ya Makutupora–Tabora inapita Itigi. Penye miradi hiyo pana makambi, ndiyo maana wasomaji wanauliza: mkaguzi akikuta watu wamebanana, mkaaji ana haki gani?

Nitajibu, lakini kwanza twende Sekenke, Iramba. Wajerumani walichimba dhahabu hapo tangu 1909. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekaza, dhahabu hiyo ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 huko Tabora, upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake. Zilitoka 16,198. Wakusanya sarafu wanazijua moja moja. Wachimbaji walilala wangapi kibandani, wachache huuliza.

Baadaye wakaja manamba, vibarua wa mkataba. Kuanzia 1944 SILABU, shirika la kuajiri vibarua wa mkonge, lilisomba watu wa bara kupeleka mashamba ya mkonge. Wanyaturu na Wanyiramba walikuwemo. Mshahara na paa vilitoka mkono mmoja, kwa hiyo aliyenung'unikia paa alihatarisha vyote viwili. Shirika la Kazi Duniani lilitamka mwaka 1961, katika Pendekezo namba 115, kwamba kwa kawaida haifai mwajiri kumpa mfanyakazi wake makazi moja kwa moja, isipokuwa pale mazingira yanapolazimu, mfano kazi ikiwa mbali na miji. Waajiri wetu wameishika hiyo "isipokuwa" wakaifanya kanuni. Mlipe mtu vizuri, akapange Itigi mjini kama binadamu wengine!

Sasa barua zenu. Msongamano unaohatarisha afya ni kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na ilani ya ofisa afya humwandama aliyesababisha kero. Mlalaji si mkosaji. Ukifukuzwa kazi kwa sababu ya kulalamika, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mkataba ukikoma mbali na ulikoajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2004 inamdai mwajiri nauli yako na mizigo, pamoja na posho ya kujikimu mpaka usafirishwe. Usikubali kutolewa bwenini usiku na begi lako. Hesabuni vitanda na mwandike majina ya wanaovilalia mapema, maana siku ya ukaguzi magodoro yana tabia ya kupungua.

Wiki ijayo: kota za reli Manyoni.